Mapaja ya Mbuni

Zamani za sinema, alikuwepo Mbuni mmoja, nyota wa filamu. Alionekana mara moja tu kwa mwaka, kwenye kitambaa cheupe, akicheza huku shingo imemwiva nyekundu. Bi Kanga na mashoga zake walikuwa wakizimia kwa yale mapaja.

Mwaka mmoja watazamaji wakapungua. Kunguru, meneja wake, akamwambia, "Siku hizi wenzako wanajionyesha kutwa nzima, bwana. Wewe unajificha, watakusahau. Nenda ukakae na mashabiki wako."

Mbuni akahamia kwa Bi Kanga, shabiki wake mkubwa. Siku ya kwanza majirani walipanda juu ya uzio wamwone. Siku ya pili walimwona akimeza kokoto, akipiga miayo, akilalamika kwamba vumbi linamharibia manyoya. Wakamtazama huku wanapepeta mtama. Siku ya tatu hakuna aliyeinua kichwa.

Mbuni akaingiwa na hofu. Akasimama katikati ya ua, akacheza, akafunua paja moja, kisha la pili.

Bi Kanga akayatazama kwa muda mrefu, mpaka Mbuni akatabasamu, akidhani enzi zake zimerudi.

"Kweli shemeji, Mungu hakukunyima miguu," alisema Bi Kanga. Akaingia ndani, akatoka na jembe. "Mgeni siku mbili. Shamba liko nyuma ya nyumba."

Mbuni analima mpaka leo, na kusema haki, analima vizuri kuliko alivyowahi kuigiza.