Gari Lina Mtu

Klipu ya mpira wa maji haikuwa imelegea. Ilikuwa imelegezwa.

Fundi Maige aliinama tena juu ya injini ya ile Celica nyekundu, gari la zamani la milango miwili ambalo nusu ya mji wa Shinyanga ililijua kwa mlio. Mpira wenyewe ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Parafujo ya klipu ndiyo iliyokuwa na mikwaruzo mipya, ya mtu asiyejua kushika bisibisi. Maji yote yalikuwa yamemwagika, gari likachemsha kabla halijatoka nje ya mji.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza fyuzi ya feni haikuwepo mahali pake. Mara ya pili mfuniko wa rejeta ulikuwa umekaa nusunusu. Maige alikuwa ameshalipima gari hilo magonjwa yote ya uzee: wota pampu, thamostati, hata gasketi ya silinda hedi, akikodolea maji macho kama yatatoa mapovu. Hakuna kitu. Lilikuwa na afya kuliko watu wengi.

Asubuhi hiyo Zakia, mke wa mwenye gari, ndiye aliyetangulia kufika gereji. Alishuka kwenye bajaji, ushungi umemkaa upande.

"Fundi, usiharakishe," alisema. "Mwambie kifaa hakipatikani, mpaka kiagizwe Dar."

"Kifaa gani, Mama Samia? Hapa ni klipu na maji tu."

"Chochote. Likae tu hapa. Nakuomba."

"Kwani tajiri ana safari gani usiyoitaka?"

Zakia alirekebisha ushungi. "Mengine ni ya ndani, Fundi."

Maige akaelewa. Abdulshakur, mumewe, alikuwa mnunuzi wa dhahabu mwenye ofisi Kahama, na wenye dhahabu hawakosi nyumba ya pili. Siku za karibuni dereva wake, Benjamini, ndiye aliyekuwa akimpeleka huko kwa gari jingine, Noah; Celica aliitoa pale tu alipotaka kwenda peke yake. Mwanamke anajua mume anayekwenda peke yake anakwenda wapi. Maige alimwonea huruma kidogo. Lakini aliwaza pia jina lake: gari likirudi tena linafuka mvuke, watu watasema Maige siku hizi hajui kazi.

Abdulshakur alifika mchana. Alizungumza kwa taabu, kama mtu aliyejing'ata ulimi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji.

"Chai ya moto," alisema kabla hajaulizwa. "Haya, Fundi. Limepatikana tatizo?"

"Gari lako haliumwi, tajiri. Lina mtu."

"Mtu ga..."

Akanyamaza katikati ya neno. Macho yaliganda ukutani, vidole vikachezea kifungo cha shati. Maige alisubiri, hasira ya mtu mzima huwa haina haraka. Kisha Abdulshakur akapepesa macho, akauliza kama vile ndiyo kwanza anauliza.

"Mtu gani?"

"Wa nyumbani kwako. Zaidi ya hapo sisemi, nisije nikavunja ndoa ya watu."

Maige alitarajia matusi. Badala yake yule bwana alikaa juu ya tairi kuukuu, akajifuta uso kwa mkono mzima.

"Hata yeye sasa ananiona sifai," alisema kwa sauti ndogo. Akasimama. "Weka kufuli kwenye boneti. Ufunguo nibaki nao mimi."

Maige akaweka. Kesho yake Zakia alipiga simu. Maige aliliona jina lake, akaiacha simu iite mpaka ikachoka.

Juma halikuisha. Karibu na Tinde, pale barabara ya Kahama iliponyooka kama uzi, Celica iliacha lami, ikapita juu ya meza ya mwanamke aliyekuwa akiuza viazi vitamu, ikajibamiza kwenye kalavati. Muuza viazi alikufa palepale. Na Abdulshakur vilevile.

Watu walisema yao. Wengine walisema mwendo. Wengine walisema ndagu, kafara ya damu ambayo matajiri wa dhahabu husingiziwa kila wanapofikwa na jambo. Wengine walimtaja fundi. Hapo Maige alikosa usingizi. Alikwenda kituo cha polisi, ambako mabaki ya gari yalikuwa yamevutwa, akaomba ayakague. Breki zilikuwa nzima. Usukani ulikuwa mzima. Injini haikuwa na dalili yoyote ya kuchemsha. Trafiki aliyesimama naye alitikisa kichwa, akamwambia kwamba pale barabarani hapakuonekana hata alama moja ya breki.

Maige akaenda msibani. Zakia alikuwa katika eda, hivyo Maige alisimama barazani, wakazungumza pazia la mlango likiwa katikati yao.

"Pole sana, Mama Samia. Nimelikagua kwa mikono yangu. Gari halikuwa na kasoro."

"Najua, Fundi."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. Maige alitafuta neno la kumfariji.

"Na hayo ya Kahama uyasamehe, mama. Marehemu hasemwi vibaya. Yule mwanamke naye..."

"Mwanamke yupi?"

Maige alirudi hatua moja nyuma. Pazia likatikisika, Zakia akasogea karibu.

"Daktari alimkataza kushika usukani tangu kifafa kilipomwanza," Zakia alisema. "Na mwenyewe marehemu akaniapisha kwa msahafu nisimwambie mtu."