Maji Matamu ya Bi Mwanaesha

Visima vyote vya kisiwa kile vilikuwa vimegeuka vya chumvi miaka mingi nyuma, na sasa watu waliyanywa maji yake bila taabu. Bi Mwanaesha peke yake ndiye aliyeletewa maji matamu kutoka bara, akapika chakula chake kando.

Chumvi haikumbadilisha mtu. Iliwaua walioshindwa kuivumilia, mumewe na wanawe wawili wakiwemo, na waliobaki wakazaa watoto wanaofanana nao. Mwanawe wa mwisho, Athmani, alikuwa miongoni mwa waliobaki.

Adhuhuri moja mjukuu wa Bi Mwanaesha, Tima, alionja maji ya kikombe cha bibi yake akatema.

“Bibi, mbona maji yako hayana ladha?”

“Ndiyo tuliyokunywa sote, mwanangu.”

“Sote akina nani?”

Bi Mwanaesha alitaka kuwataja, akakumbuka kwamba mtoto hamjui hata mmoja wao. Aliinuka, akaenda kuketi mkekani walipokuwa wakila Athmani na mkewe, akanyoosha mkono kwenye sinia lao la wali.

“Mama, chakula hiki kitakudhuru,” alisema Athmani.

“Najua, baba. Nipe tonge moja tu.”

Athmani alimpenda sana mamaye. Alilivuta sinia upande wake taratibu, mpaka mkono wa mama ukawa haulifikii tena.