Mpaka Miche Iende Shamba

Mama Mektilda alikuwa anakaanga udongo.

Aliumwaga kwenye kipande cha bati juu ya moto, akawa anaugeuza kwa mwiko, moshi ukapanda mpaka kwa jirani. Siwema akachungulia juu ya ua.

"Shikamoo mama. Leo mboga gani hiyo?"

"Marahaba. Ukungu wa kukaanga. Lete sahani."

Siwema alicheka, sahani hakuleta. Nyumba ile ya Ipuli ilishakuwa kichekesho cha mtaa. Sebule nzima ilijaa trei za miche ya nyanya, maana nje kuku wa huyo huyo Siwema hawakuwa wakibakiza kitu. Na kila miche ikianza kuchangamka, inapigwa na kinyausi, ugonjwa wa ukungu: shina linaoza pale chini kwenye udongo, mche unalala kama mlevi.

Miche ilikuwa ya Nikolaus, mkwe wa Mama Mektilda, fundi pikipiki aliyepata kashamba Ntalikwa na kujiona mkulima ghafla. Ya kwanza ilipokufa, alimwambia mkewe, Flavia, "Mwite mama atusaidie. Amekuza miche ya tumbaku Ipole tangu ujana wake, nyanya zitamshinda?"

Mama akaja. Lakini yeye ni mtu wa mila, na mama mkwe hakai kwa mkwe bila kazi. Ni aibu. "Miche ikienda shamba, na mimi naenda kwangu," alisema pale mlangoni, hata kikapu hajatua.

Flavia hakulipenda neno hilo. Kule Ipole mama yake anaishi peke yake tangu baba afariki, na masika iliyopita aliteleza kisimani, akalala pale mpaka wapita njia walipomwona. Flavia alitamani abaki moja kwa moja. Lakini amwanzeje mumewe? Nikolaus alikuwa akisikia tu kikohozi cha mama mkwe, huyo, mlango wa nyuma! Hawakula pamoja, hawakupeana mikono, na wakiongea, wanaongea kupitia kwa Flavia, hata kama kati yao kuna pazia tu.

"Flavia, mwulize mama kama chai imemtosha."

"Mwambie baba imenitosha."

"Jamani, si mmeshasikiana?" Flavia aliwauliza.

Kazi yenyewe mama aliifanya sawasawa. Aliosha trei kwa maji ya moto na sabuni, akajaza udongo wake wa kukaanga, akasia mbegu kwa kuziachanisha, akanyunyiza majivu juu, akafungua madirisha yote. Kisha akasimama katikati ya sebule na kutangaza:

"Miche haitaki joto la kufungiwa, inataka upepo. Maji ni asubuhi tu, tena kidogo, mchana jua liukaushe udongo. Anayemwagilia jioni anaulaza ukungu na miche kitanda kimoja. Na asifunike mtu nailoni!"

"Mwambie mama nimesikia," likasema pazia.

Miche ikafa. Mama akakaanga udongo mwingine, akasia upya, nayo ikafa. Ni trei moja tu ya dirishani iliyokuwa na dalili ya kupona, na mama akaihamishia nyuma ya kochi, eti upepo unaisumbua. Flavia alishangaa kidogo, halafu akasahau.

Wanajumuiya walipokuja kusali walibanana barazani, sebuleni hakuna pa kukaa. Mmoja akauliza, kwa upole wa kuumiza, kama mkono wa mama haujazeeka. Mama alijifunga kitenge chake upya. Flavia aliumia mpaka sala zikampotea. Na Nikolaus naye siku hizo amenyamaza tu, anatazama trei zake. Flavia akajua kimya hicho ni cha mwanaume aliyechoka na mgeni. Kesho au keshokutwa atasema, mwambie mama arudi tu kwake.

Jumapili Flavia na mama walitoka kwenda misa ya kwanza. Nikolaus alisema yeye atasali ya pili, kama alivyosema kila Jumapili tangu mama aje. Hawajafika mbali, Flavia akakumbuka rozari yake. Akamwacha mama anasalimiana na Siwema, akarudi mbio, akasukuma mlango.

Nikolaus alikuwa amepiga magoti mbele ya trei, birika mkononi, anamimina maji mpaka yanachuruzika sakafuni. Nailoni ya kufunikia ameiweka begani.

"Mume wangu! Kumbe ni wewe?"

"Shh! Punguza sauti."

"Unaua miche yako mwenyewe?"

"Sasa mimi mkwe, nitamwambia kwa mdomo gani kwamba akae? Nikitamka tu, leo hii anafunga mizigo." Alitazama birika. "Nyanya zipo sokoni, Flavia. Yule akianguka tena kisimani, tutampata wapi mwingine?"

Flavia akajitupa kwenye kochi, akacheka, machozi yanamtoka. Alimpenda mwanaume yule siku ile kuliko siku ya harusi.

Mara kikohozi mlangoni. Nikolaus akachomoka kwa mlango wa nyuma, birika mkononi, nailoni imedondoka katikati ya sebule.

Mama Mektilda akaingia. Akatazama nailoni. Akachovya kidole kwenye udongo uliolowa, akakitazama kidole.

"Flavia," mama akasema, kwa sauti ya kufika uani, "mwambie baba maji ya asubuhi yanakauka upesi, ndiyo maana ile ya dirishani ilitaka kupona. Awe anamwagilia jioni."