Taa za Nyuma za Tandala

Nyegere alikuwa dereva asiyeogopa kitu. Alipofika mara ya kwanza kwenye uwanja wa mbio za magari, Tandala, bingwa wa pale kwa miaka mingi, alimwita pembeni.

"Mdogo wangu, egesha gari. Tuizunguke njia kwa miguu, nikuonyeshe kona moja moja."

"Kaka, kutembea ni kwa wasio na gari," Nyegere akajibu. "Wewe tangulia tu, nitakufuata."

Siku tatu za mazoezi akamfuata. Taa za nyuma za Tandala zikiwaka, naye anakanyaga breki. Zikizimika, anakanyaga mafuta. Jioni ya tatu akawatangazia wenzake kwamba uwanja ule ameumaliza.

Siku ya mashindano, katika mzunguko wa mwisho, akampita Tandala. Watazamaji wakapiga mayowe. Mbele yake ikabaki lami tupu, bila taa ya kumwambia lolote, na hapo ndipo alipogundua kwamba njia yenyewe hakuwahi kuitazama. Kona ikamkuta na mwendo uleule. Gari lake likazunguka likasimama katikati ya njia. Tandala, aliyekuwa nyuma yake, akakata usukani ili asimgonge, akaubamiza ukuta.

Nyegere hakupata hata mchubuko. Wiki nzima hakulala vizuri, kisha akaenda hospitali.

"Kaka, nimekuja unionyeshe ile kona."

Tandala akaitazama miguu yake iliyofungwa plasta.

"Ningekuonyesha, mdogo wangu," akasema taratibu. "Lakini ile huonyeshwa kwa kutembea."