Kidole cha Seremala

Nilipitisha kidole mara nne kwenye kioo cha kishikwambi cha bei rahisi pale dukani, na mstari haukutokea.

"Baba, kidole chako kimekufa," muuzaji alisema akicheka.

Nilikitazama. Ncha yake ni ngumu na inateleza kama pembe ya ng'ombe. Imeliwa na msasa miaka ishirini na miwili ya useremala hapa Mafinga. Na kesho wazee wa usharika wanataka kuona mchoro wa mabenchi mapya ya kanisa kwenye kishikwambi, si kwenye karatasi. Nisipokuwa nao, kazi anapewa mwingine.

"Chukua hicho hicho, Baba Lusia," mke wangu alisema. "Nitakuchorea mimi."

"Wewe? Hata kuku huwezi kumchora!"

Nikagusa kingine kilichokuwa kando yake, cha bei mbaya. Mstari ukatoka! Mweusi, umenyooka. Nikachora mguu wa benchi, nikachora mgongo wake, nikachora pa kuwekea vitabu vya nyimbo. Moyo ulinidunda kama wa kijana.

Mke wangu, aliyenifuata dukani ili nisinunue cha ghali, alisogeza kichwa karibu na changu.

"Weka na msalaba hapo ubavuni," alisema.