Watoto wa Kuazima

Asubuhi ile Mize aliazima watoto sita.

Kazija, jirani wa mlango wa pili, alitoa wanne, wote wameoga mpaka nyuma ya masikio. Jenabai wa duka la kanga alitoa binti zake wawili, wenye riboni kichwani na amri ya kutofungua mdomo ila kwa kula. Hapana aliyeuliza watarudishwa lini. Mtaa mzima wa Kajificheni, mjini Unguja, ulijua kwamba saa saba mchana afisa wa ustawi wa jamii anakuja kukagua nyumba.

"Nyumba isiyo na kelele za watoto inatisha," alisema Kazija, akimfuta makamasi mdogo wao. "Mwache aje akute maisha."

Mize na mumewe Simai, fundi wa saa, walikuwa na miaka minane ya ndoa na hawakujaaliwa mtoto. Dada yake Mize aliolewa Mombasa akafia hukohuko, na mwaka uliofuata mumewe naye akafariki. Wakaacha binti wa miaka saba, Mwatima. Mize alimtaka mtoto yule kwa roho yake yote. Lakini Mombasa ni Kenya, na Kenya ni nchi ya watu; mtoto hachukuliwi kwa kupanda meli tu na kumshika mkono. Yalitakiwa makaratasi: cheti cha ndoa, barua ya daktari, barua ya tawi la chama, ridhaa ya jamaa wa Mombasa yenye muhuri wa kadhi, na picha tatu za mtoto. Kwa miezi kumi na moja Simai alipeleka kila kilichotakiwa, akarudi na orodha ya vingine. Mwisho ukabaki ukaguzi.

Afisa mwenyewe, Bwana Msabah, alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao. Alivua viatu mlangoni, akaitikia shikamoo za watoto kwa marahaba moja ya jumla, kisha akaomba kuoneshwa choo.

"Anayeanza na choo hana mzaha huyu," Simai alimnong'oneza mkewe.

Msabah aliona choo, akaona jiko, akachungulia mtungi wa maji, akapanda juu kwenye chumba cha mtoto. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe, na juu yake limewekwa gauni jipya la maua. Aliliinua kwa vidole viwili.

"Umeshona wewe, Bi Mize?"

"Naam."

"Na kipimo chake umekijuaje?"

Simai alikohoa. Mize alimtazama afisa usoni. "Kwa picha, bwana. Picha tatu si kidogo."

Msabah akaandika. Akauliza mtoto ataitwa nani. Simai akajibu kwamba ataitwa jina lake na la baba yake, kwani wao wanataka kulea, hawataki kubadilisha nasaba ya mtu. Jibu hilo lilimpendeza afisa, maana alitia alama mbili.

"Nakukumbusheni sharti la mwisho," alisema wakishuka ngazi. "Mtoto asikanyage Unguja kabla ya ruhusa. Akikutwa, hurudishwa kwa meli ya kwanza na faili likafungwa moja kwa moja. Mwezi uliopita nimefunga mawili. Watu wanalia mpaka na mimi nalia, lakini nafunga."

"Tunajua, bwana," alisema Mize.

Chini, watoto walikuwa wamelizunguka sinia la wali na mchuzi wa pweza, wanapigania minofu. Mchele siku hizo ulikuwa wa foleni, na sinia lile lilikuwa limechangwa na nyumba tatu. Msabah alisimama na kalamu yake.

"Hawa wa nani?"

"Wa hapahapa," alijibu Kazija, ambaye hakualikwa lakini alikuwapo. "Watoto wa mtaa huu wanakula panapopikwa. Ukitaka kujua nani wa nani, ngoja magharibi usikie nani anaitwa wapi."

"Na mwenye nyumba wamemzoea?"

Kabla Kazija hajajibu, mtoto mmoja akasema, "Mama, pilipili," na mwingine, "Mama, maji," na Mize akagawa vyote bila hata kutazama nani kaomba nini. Msabah aliwahesabu kwa ncha ya kalamu. Akaandika: watoto saba, wote wanashiba, wote wanamwita mama.

Halafu akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye busati na kuomba nafasi. Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa tangu jana, akawachekesha watoto kwa kuiba pweza wa jirani yake. Mize hakumeza hata tonge moja.

Msabah aliponawa, alifungua faili, akatia saini, akagonga muhuri aliokuja nao kwenye bahasha.

"Ruhusa inaanza leo," alisema. "Mleteni kwa meli yoyote mnayoitaka. Na huo mchuzi, Bi Mize, umesaidia."

Simai alimshukuru mpaka maneno yakamwishia. Alimsindikiza hadi kona ya kwanza, kisha hadi ya pili, akasimama kumtazama mpaka alipopotea kabisa. Mize aliketi sakafuni akalia, kilio cha furaha kisicho na haya, na Kazija akalia naye kwa kumsaidia.

Kisha Kazija akawakusanya wanne wake wakaenda zao. Jenabai akaja, akazihesabu riboni, akachukua wawili wake.

Msichana aliyebaki kwenye sinia alimaliza wali, akalamba vidole, akaja kukaa mapajani pa Mize.

"Mama," aliuliza Mwatima, "basi sasa nishafika?"