Mawe ya Njia ya Kliniki

Jirani alipoinua komeo la zizi, farasi dume akapiga kwato chini. Moeketsi akamvuta nyuma jike wake aliyemleta apandwe.

"Aliyeogopa ni yeye au wewe?" jirani akacheka.

"Akiwa mzito, halafu anyonyeshe, ni mwaka na nusu huo. Mama ataendaje kliniki?"

Mama mwenyewe alikuwa akikwea kilima, blanketi begani, viatu mkononi.

"Natoka kliniki," akasema akihema. "Nimekwenda na kurudi kwa miguu yangu hii. Mwachie dume, mwanangu, tupate mtoto wa farasi."

Akaketi, akavuta blanketi kufunika visigino. Moeketsi alikuwa akitazama njia aliyopita mama. Kila jiwe alilokanyaga lilikuwa na doa jekundu.